Ulimi wa Elfu Tatu

Jumamosi, saa tano asubuhi, mataa ya Mwenge. Trafiki aliyesimama katikati alikuwa ametupa mgongo kama mtu aliyesahau kwamba upande wetu nao una magari. Kwenye siti ya abiria nilikuwa nimeweka tikiti maji nililonunua Tegeta, kubwa la kukumbatia kwa mikono miwili, na tangu Africana gari lilikuwa linanipigia kelele. Siti ilihisi uzito, ikaamini kuna mtu, ikataka huyo mtu afunge mkanda.

Ti, ti, ti, ti.

Kijana wa kimachinga aliisikia kelele kabla hajaniona mimi. Alikuwa na chaja za simu shingoni, vitambaa vya kufutia vioo begani, na kwenye vidole vya mkono wa kushoto amening'iniza vipande vya chuma vinavyong'aa, kama mtu aliyebeba funguo za nyumba nyingi.

"Dada, hiyo kelele nakuondolea sasa hivi. Elfu tano tu."

"Ni nini hicho?"

"Ulimi wa mkanda. Unachomeka hapo, gari linajua umefunga. Imeisha hiyo."

"Yaani unalidanganya gari."

"Gari lina akili gani, dada?" Akacheka, na mimi nikacheka. Tukaafikiana elfu tatu. Taa ikawaka kijani, nikampa hela huku nimeshaachia breki, nikachomeka.

Kak. Kimya.

Tikiti langu liliingia Sinza likiwa limefunga mkanda.

## Abiria wa Salenda

Ningekisahau kile chuma kama si mfanyakazi mwenzangu niliyempa lifti wiki iliyofuata kwenda Posta. Aliingia, akavuta mkanda kama kawaida, akapapasa pembeni ya siti kutafuta pa kuchomeka. Pameziba. Akapapasa tena. Kisha, kwa ule ustaarabu wetu wa kutotaka kumsumbua mwenye gari, akauachia mkanda ukarudi taratibu, akaendelea na stori.

Sikuona. Gari nalo halikusema kitu, nilishalinyamazisha kwa elfu tatu.

Tulikuwa tumeshafika Salenda ndipo nikageuka kumjibu, nikaona shati lake jeupe limenyooka kifuani, hakuna mstari mweusi uliopita. Tumetoka Sinza hadi pale, tumepita mataa manne na trafiki wawili, na gari lililokuwa likipigania usalama wa tikiti maji halikuwa na neno kuhusu baba wa watoto watatu.

Nilichomoa ulimi nikautupia kwenye droo ya dashibodi. Lakini haukutulia humo. Kila nikipita tuta nausikia unagonga chuma kwa chuma.

Usiku mmoja nikautoa na kuutazama vizuri kwa mwanga wa simu. Ni kitu kilichotengenezwa vizuri, na hilo ndilo lililonikera. Kingo zimelainishwa zisikukate. Tundu la katikati limekatwa kwa kipimo, maana likizidi kidogo loki haling'ati. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa na mkanda halisi mbele yake, akaupima, akanakili kila kitu isipokuwa kitambaa.

Nikaanza kumfikiria yule aliyenakiliwa.

## Mtu aliyetoka kwenye ndege

Kwamba mkanda wa pointi tatu ulitoka Volvo, kampuni ya magari ya Uswidi, hilo kila mpenda magari analijua. Mimi nilikuwa nalijua kwa namna ile ile tunayojua majina ya mito ya Ulaya: kwa ajili ya mtihani. Mtu mwenyewe sikuwahi kukaa naye.

Nils Bohlin hakuanza na magari. Alikuwa Saab, kampuni ya ndege ya huko huko, akishughulikia viti vya ndege za kivita, vile vinavyomrusha rubani nje mambo yanapoharibika. Mwaka 1958 Volvo wakamchukua, akahamia Göteborg kusimamia usalama wa magari yao. Mikanda ilikuwepo tayari, lakini mingi ilikuwa ya kiunoni, pointi mbili, loki katikati ya tumbo. Gari likigonga, kiuno kinabaki, kifua na kichwa vinakwenda kwenye usukani, na ule mkanda uliotakiwa kuokoa unaminya tumbo na vyote vilivyomo.

Kwenye ndege Bohlin alikuwa amezoea kumfunga mtu sawasawa, mabegani, kiunoni, kila upande. Baadaye alieleza kwamba rubani yuko tayari kuvaa karibu chochote kitakachomwokoa, ila mtu wa kawaida ndani ya gari hataki kubanwa hata dakika moja.

Nilisoma hapo nikakumbuka vidole vya yule kijana wa Mwenge.

Kumbe wote wawili walianzia kwenye jambo moja. Wanatujua.

Alilolitengeneza Bohlin, kwa muda usiofika hata mwaka, linaonekana rahisi mpaka mtu unadhani lilikuwepo tangu dunia iumbwe. Utepe mmoja unaoshuka kutoka juu ya bega, unakatiza kifuani, unafika chini pembeni ya nyonga, hapo unageuka kupita mapajani. Umbo la V, ncha yake ikielekea sakafuni. Mgongano ukija, nguvu inabebwa na mifupa migumu, kidari na nyonga, na tumbo linaachwa. Ile ncha kuwa chini pembeni, badala ya katikati ya tumbo, ndiyo inayoufanya mkanda ubaki mahali pake mwili unapovutwa.

Na unaufunga kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mkono wa pili una simu, una mtoto, una chenji ya muuza karanga. Bohlin alimpigia hesabu mtu mvivu, mwenye haraka, anayeona ajali ni za wengine. Agosti 1959 magari ya kwanza yenye mkanda huo yakatoka kiwandani, na Volvo, waliokuwa na hataza yake, ile haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiunakili, wakaiacha wazi kwa mtengenezaji yeyote atakayetaka kuutumia.

## "Alinunua jina"

Nina binamu anauza spea Gerezani. Nilipomsimulia habari ya hataza iliyoachwa wazi alinitazama kwa huruma.

"Wewe unaamini mzungu katoa bure? Kanunua jina. Ukisikia Volvo unafikiria nini?"

"Usalama."

"Umeshawahi kupanda?"

Sijawahi. Hapa Dar ukiona gari dogo la Volvo unageuka kulitazama mara ya pili. Nilibeba hoja yake siku kadhaa, na kusema kweli sijaishinda. Kampuni ile iliendelea kujenga juu ya jina hilo hilo. Mwaka 1972 wakatoa kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, mwaka 1991 kinga ya kugongwa ubavuni, mwaka 1998 siti inayolegea kwa mpango ili shingo isivunjike ukigongwa kwa nyuma, mwaka 2008 gari linalofunga breki lenyewe kwenye foleni. Kila kimoja kilikuwa uhandisi wa kweli na kila kimoja kilikuwa tangazo. Biashara na wema viliingia kwa mlango mmoja na sijui kuvitenganisha. Ila mkanda wa gari langu la Kijapani ni V ile ile, na mfupa wa bega langu hauna habari na nia ya mtu.

Gari dogo la Volvo ni adimu, lakini malori yamejaa. Baba aliendesha malori ya kwenda Tunduma karibu maisha yake yote ya kazi, na Volvo aliliita "la mshazari", kwa sababu ya ule ukanda wa chuma unaokatiza grili kutoka juu upande mmoja hadi chini upande wa pili. Miaka yote niliamini ule ni mchoro wa mkanda wa kiti, kwamba lori limevaa alama ya uvumbuzi wake kifuani. Nikafuatilia. Sivyo. Ukanda ule ulikuwa kwenye gari lao la kwanza kabisa, mwaka 1927, miaka 32 kabla ya Bohlin, kwa kazi ndogo tu ya kushikilia nembo mbele ya rejeta. Nilihuzunika kidogo, kama mtu aliyeambiwa jina lake halina maana aliyodhani. (Na siku hizi hata undugu umekatika: magari madogo yaliuzwa kwa Ford mwaka 1999, kisha Geely wa China mwaka 2010. Malori yalibaki nyumbani.)

Baba mwenyewe hakufunga mkanda. Hoja yake mnaijua, kila mmoja wetu ana mjomba anayeisema: lori likiwaka moto, utatokaje? Likitumbukia mtoni?

Alistaafu mzima, hana hata kovu. Hilo ndilo lililokuwa rungu lake kwenye kila mabishano. Sasa utamjibu nini mtu aliyetoka salama?

Mwaka 1967 Bohlin alipeleka Marekani hesabu ya ajali zaidi ya 28,000 za magari ya Volvo nchini Uswidi. Waliofunga mkanda hakufa hata mmoja kwenye mgongano wa chini ya kilomita 96 hivi kwa saa. Wasiofunga walikufa kwenye mwendo wa kila aina, hata ule mdogo. Nilichokiona kwenye hesabu hiyo ni kwamba iliwaita mezani na waliokufa. Baba alikuwa anahesabu wenzake aliokunywa nao chai Makambako, waliopona, wakafika, wakasimulia. Ambao hawakufika hawakuwa na kiti kwenye mabishano yetu. Na wa kutoka kwenye moto au maji ni yule ambaye kichwa chake bado kina fahamu.

Sikumwambia. Ana miaka 74, haendeshi tena.

## Sekunde 8

Mpaka hapo nilikuwa nimeshapata jibu langu, nalo lilikuwa lile jibu letu la kijiweni: sisi ndio wenye matatizo. Mzungu kaleta mkanda, sisi tumeleta ulimi.

Kisha nikakutana na habari ya Marekani ya mwaka 1974, jibu likavunjika.

Huko serikali iliamuru magari mapya ya mwaka huo yasiwake mpaka waliokaa mbele wamefunga mikanda. Fikra nzuri. Watu wakawaka wao. Mtu anaweka mfuko wa sokoni kwenye siti, gari linagoma kuwaka kwa sababu mfuko haujajifunga. Tikiti langu, miaka 50 kabla. Wengine wakaifunga mikanda moja kwa moja na kuikalia, wengine wakakata nyaya. Malalamiko yakafika bungeni, na kabla mwaka haujaisha bunge likaipiga marufuku ile mitambo. Hawakuishia hapo. Wakaweka kwenye sheria kwamba hata king'ora cha kukumbusha, ambacho serikali itakilazimisha, kisizidi sekunde 8.

Wabunge walikaa, wakajadili, wakapitisha muda wa gari kumpigia mtu kelele.

Nimesoma hilo mara tatu na kila mara nacheka. Jimbo la kwanza Marekani kulazimisha watu kufunga mkanda, New York, lilifanya hivyo mwaka 1984. Robo karne tangu Bohlin amalize kazi yake! Katikati hapo mkanda ulikuwepo kwenye magari, mzima, unaning'inia.

Kwa hiyo yule kijana wa Mwenge hakuleta jambo geni. Aliuza sekunde ya tisa.

## Mama na kikapu chake

Nikajiona nimeelewa. Ulimi nikautupa kwenye ndoo ya taka, nikawa yule mtu anayekera, haondoi gari mpaka kila aliyemo amefunga. Ndipo Mama akaja kutoka Morogoro.

Nilimpokea stendi ya Mbezi. Mama hapendi kukaa mbele. Anataka nyuma, dirishani, kikapu pembeni yake na mjukuu karibu. Mwanangu wa miaka tisa akajisogeza katikati. Nikatazama kwenye kioo.

"Mama, funga mkanda tafadhali."

"Nyuma huku?"

"Hata nyuma."

"Nimetoka Morogoro nimefungwa kama mzigo, konda kakazana. Na hapa Kimara tu?" Lakini akauvuta, kunifurahisha. Akapitisha juu ya dera lake, akapapasa siti. Akapapasa upande wa pili. "Huku mwisho wake uko wapi, mwanangu?"

Nikashuka kumwonyesha.

Hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Kulikuwa na kava. Ngozi ya bandia, rangi ya kahawa, mshono mwekundu, nilizoshonesha Kinondoni miaka miwili iliyopita kwa laki moja na themanini na nikapiga picha nikaweka status. Siti ya nyuma yote ilikuwa imevishwa kipande kimoja safi kisicho na tundu, na loki zote zimelala chini yake. Nikibonyeza kwa kidole nilizihisi, ngumu, kama mbegu ndani ya embe.

Miaka miwili. Wadogo zangu, majirani, watoto wa shule tuliopeana zamu ya kuwachukua. Na kule nyuma gari langu halina alamu, kwa hiyo halikuwahi kulalamika.

Tulikwenda hivyo hivyo. Sikuzidi 40 mpaka nyumbani, daladala zikinipigia honi, makonda wakiniuliza kama naendesha harusi. Nilikuwa napiga hesabu kichwani, ile ya fizikia ya kidato cha tatu: mwendo wa 50, ukisimama ghafla, ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 10. Mama yangu mzazi, dera na kikapu, mita 10. Na asingedondokea barabarani, angedondokea mgongo wa siti yangu, na mimi nikiwa nimefungwa vizuri kabisa kati yake na usukani.

Trafiki mmoja pale Kimara alinichungulia, akaona mkanda wangu, akanipungia nipite.

## Gololi

Jumatatu nikaenda kwa fundi wangu, gereji ya chini ya mwembe kule Mabibo, kumuuliza swali lililokuwa limezaliwa usiku: hata nikizifukua hizo loki, mikanda ya gari lililozunguka Japani miaka 12 kabla halijapanda meli, inafanya kazi?

Fundi hakujibu. Alienda kwenye rundo la vyuma, akarudi na rili ya mkanda iliyong'olewa kwenye gari lililokufa, akaifungua kwa bisibisi juu ya tairi.

"Tazama hapa."

Ndani yake, kwenye kijibakuli cha plastiki, kulikuwa na gololi. Gololi ya chuma, ndogo kuliko zile tulizochezea utotoni. Akauvuta mkanda taratibu, ukatoka. Akaitikisa rili ghafla kama gari lililokanyaga breki: gololi ikapanda ukingo wa bakuli, ikasukuma kijiti, kijiti kikanasa kwenye meno ya gurudumu, mkanda ukagoma. Akaituliza, gololi ikarudi shimoni, mkanda ukaachia.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Haina umeme, haina betri. Na ukiuvuta kwa nguvu nao unajifunga, hapa kuna kingine." Akanionyesha cha pili. "Vuta polepole utoke. Vuta kwa kushtua ugome. Achia urudi wenyewe wote. Ukifanya hivyo vyote vitatu, na kitambaa hakijachanika wala kukauka, huo mzima."

Halafu akaniambia la pili ambalo sikuwa nimemuuliza. Mikanda mingi ya mbele ina kibaruti cha kuikaza ajali inapotokea, na baruti hiyo hulipuka mara moja tu maishani. Kuna magari yanaletwa yakiwa yameshagonga huko yalikotoka, mkanda umeshalipuka, umekakamaa.

"Na taa ya eabegi si itawaka kwenye dashibodi?"

"Itawaka kama balbu ipo."

Akawasha gari langu, tukaitazama ile taa nyekundu ikiwaka sekunde chache na kuzimika. Akatikisa kichwa kuridhika. Isingewaka kabisa, alisema, hapo ndipo ningekuwa na shida.

Nilishusha pumzi. Taa yangu ipo. Nilikaa mle ndani nikavuta mikanda minne, mmoja mmoja, polepole, kisha kwa kushtua. Yote ikagoma. Mama zangu wa mama ntilie wa jirani walinitazama wakajua nimechanganyikiwa.

## Katikati

Kinondoni, yule yule fundi wa kava hakushangaa. Alisema wateja ndio wanaotaka siti ionekane imejaa, zile loki zinavuruga mshono. Na ni kweli, sikumwambia aziache nje. Alichukua chaki, akabonyeza kwa dole gumba kutafuta pale zilipo, akachora mistari mifupi, akapasua kwa wembe, kisha akazungushia uzi mwekundu kila tundu ili lisichanike. Akavuta loki ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikatoka, na sarafu ya shilingi 200 juu yake.

"Na hapa katikati nitoboe? Huwa anakaa nani?"

"Mtoto."

Akatoboa. Akaingiza vidole, akavuta, ukaja mkanda wenyewe na loki yake, vyote viwili kutoka kwenye mkunjo wa siti. Nikangojea kipande cha bega. Nikatazama juu ya siti, nikatazama kwenye paa. Hakipo. Kulikuwa na utepe mmoja tu wa kupita kiunoni, mgumu kwa kutotumika, loki yake ikikaa katikati kabisa ya tumbo.

Ule wa kabla ya 1959.

Siku hizi mwanangu anakaa kulia, nyuma ya siti ya dereva, juu ya kiti chake cha kuinulia ili utepe umpite begani usimpite shingoni. Mama anakaa kushoto dirishani, na kila akifunga analalamika kuhusu dera lake kukunjika. Katikati tunaweka kikapu. Jumapili tukitoka Feri kilikuwa na changu wanne na barafu, nikakipitishia mkanda wa kiunoni, nikauvuta ukabana.